Somo kwa Vyama vya Msingi: Kumtafutia Mtoto wa Mwanachama Ufadhili wa Masomo ya Ng'ambo

Paul Bomani alikuwa amekwisha kuanza kuwakusanya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa alipokwenda kusoma katika Chuo cha Ushirika cha Loughborough, Uingereza, miaka ya 1953 na 1954. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, naye akawa Meneja wake Mkuu. Baadaye akawa Waziri wa Fedha wa nchi huru. Pamba ya Geita ilipita katika shirikisho hilo. Masomo ya ng'ambo, basi, si jambo geni katika ushirika wa sehemu hizi. Lililo geni ni wingi wa watu wanaozunguka vijijini wakiuza kile wanachokiita ufadhili.

Jambo la kwanza ambalo katibu hana budi kulifahamu ni kwamba barua ya kukubaliwa chuoni si ufadhili. Chuo kinaweza kumkubali kijana na kumwachia gharama zote. Vilevile punguzo la ada si ufadhili kamili. Ichukuliwe kwamba mzazi ameletewa barua isemayo mwanawe amepata "ufadhili wa asilimia 50", na ada ya chuo ni dola 4,000 kwa mwaka. Atabakiwa na dola 2,000 za ada. Chumba na chakula kwa dola 250 kila mwezi, kwa miezi kumi, ni dola 2,500, bima 200, nauli 900. Jumla ni dola 5,600. Dola moja ikiwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi milioni 14. Kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo, mzazi huyo atahitaji kilo 14,000 za pamba, yaani mavuno ya ekari zipatazo 47 zenye kutoa kilo 300 kila moja. Na huo ni mwaka wa kwanza tu. Katibu na aipige hesabu hii pamoja na mzazi, kwa kalamu na karatasi, kabla ng'ombe hawajapelekwa mnadani.

Ufadhili wa kweli nao hutofautiana. Ule wa Chevening wa Uingereza ni wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Humtaka mwombaji awe na shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na akimaliza arudi kwao kwa muda usiopungua miaka miwili. Kwa hiyo haumhusu kijana aliyetoka kidato cha sita. Huyo atazame zaidi nafasi za serikali za China, Hungaria na Japani, ambazo zina milango ya shahada ya kwanza. Lakini hapo pia barua isomwe neno kwa neno. Hungaria husamehe ada na kutoa posho, ila posho hiyo ni mchango tu wa matumizi, na nauli ni juu ya mwanafunzi. Japani hulipa nauli, na humweka mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwaka mzima akijifunza Kijapani kwanza. Matangazo ya nafasi zitokanazo na mapatano baina ya serikali hutolewa na Wizara ya Elimu, na kuyasoma hakuna malipo.

Sasa kalenda. Maombi ya Chevening hufunguliwa kwa kawaida mwezi Agosti na kufungwa Oktoba; ya Hungaria hufungwa katikati ya Januari; ya China huangukia miezi ya mwanzo wa mwaka. Mkulima wa pamba, kwa upande wake, hushika fedha kuanzia Mei hadi Agosti, na ifikapo Novemba fedha hiyo imekwisha kuingia katika mbegu, dawa na sare za shule. Kwa hiyo hati zote zishughulikiwe wakati pamba inauzwa. Pasi ya kusafiria hulipiwa Uhamiaji kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, si kwa simu ya mtu yeyote. Na kwa kuwa matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, wakati maombi mengi ya mwaka huo yamekwisha kufungwa, mzazi aelezwe mapema kwamba huenda kijana akangoja mwaka. Kungoja huko ndiko kunakowasukuma vijana wengi kwenda machimboni Nyarugusu au Rwamgasa, na wengine hawarudi tena kwenye vitabu.

Hati inayokwamisha zaidi ni ndogo kuliko zote: jina. Mtoto aliandikwa Ng'wandu katika cheti cha kuzaliwa, mwalimu akaandika Mwandu, na kitambulisho cha taifa kikatoka na jina la babu mahali pa jina la baba. Huku Usukumani hakuna anayeona kosa, maana wote wanajua ni mtu yule yule. Karani wa ubalozi hajui. Tofauti hizo zirekebishwe mapema, RITA kwa cheti cha kuzaliwa na NIDA kwa kitambulisho, na palipo lazima kwa hati ya kiapo.

Kabla ya safari, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) iulizwe kama chuo kinatambuliwa, na mwanafunzi aombe kwake hati ya kutokuwa na pingamizi. Kijana akirudi na shahada isiyotambuliwa, amepoteza miaka yake na ng'ombe wa baba yake.

Katibu anaweza kuthibitisha kwa barua kwamba mzazi ni mwanachama na kutaja kiasi cha pamba alichouza, kama kilivyo katika daftari, bila kuongeza wala kupunguza. Hawezi kukidhamini chama kwa wakala wa masomo, wala kutoa fedha zisizomo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi: Ni watoto wangapi wa wanachama watamaliza kidato cha sita mwaka ujao, na wangapi kati yao wana cheti cha kuzaliwa? Je, majina yao yanalingana katika hati zote? Wakala akija kuomba nafasi ya kuzungumza siku ya malipo ya pamba, katibu atamwomba aonyeshe nini kwanza?