Je, Unaweza Kurudi Arusha ya 1967?

Swali: Nikipata chombo cha kunirudisha nyuma, nitaweza kuingia ukumbini Kaloleni Januari 1967, chama cha TANU kikijadili Azimio la Arusha?

Kabla ya chombo, tuulize kama huko uendako kupo. Wako wanafalsafa wanaoshikilia kuwa kilichopo ni sasa tu. Kwao Januari ile haipo popote, hivyo hakuna pa kwenda. Wengine husema nyakati zote zipo, kama Moshi na Babati zilivyopo wewe ukiwa Arusha. Hawa huegemea nadharia ya Einstein ya 1905, inayokataa kwamba ulimwengu mzima una "sasa" moja. Mwaka 1949 rafiki yake, Kurt Gödel, alionyesha kwa hesabu kuwa milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu ambamo msafiri huifikia jana yake. Wetu hauonekani kuwa wa namna hiyo.

Swali: Nikifika, naweza kulizuia Azimio?

Hapana, na hapo ndipo filamu nyingi hutupotosha. Mwanafalsafa David Lewis alilieleza vizuri mwaka 1976: anayerudi kumuua babu yake ana bunduki na ana shabaha, lakini babu aliishi, basi jaribio lilishindikana. Azimio lilitangazwa 5 Februari 1967. Kama ulikuwamo ukumbini, ulikuwamo siku ileile, na ulilolifanya halikulizuia. Pengine mlinzi alikurudisha mlangoni.

Swali: Fikra za Kiafrika zinasemaje?

Usiseme "za Kiafrika" kana kwamba ni moja. Anayetajwa zaidi ni John Mbiti wa Kenya. Katika kitabu chake cha 1969 aliugawa wakati kuwa Sasa na Zamani: matukio hutoka Sasa yakaingia Zamani, ghala la yote, na wakati ujao wa mbali karibu haupo. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga. Nami pia nampinga Mbiti: mkulima wa miteremko ya Mlima Meru hupanda miche ya kahawa akijua atasubiri miaka kadhaa kabla ya kuchuma.

Lakini tumkubalie Mbiti kidogo. Mlipuko wa Meru wa 1910 umo ghalani, kwa hiyo pa kwenda papo. Ukishasimama pale majivu yakiruka, mwaka ulioondokea ni wakati ujao wa mbali, nao haupo. Umetoka wapi, basi?

Sioni jibu ndani ya falsafa ya Mbiti. Safari ya kurudi nyuma inaingia akilini kwa wanaokubali kwamba nyakati zote zipo, na hata wao hawataweza kubadili chochote.