Somo la 12: Mwendo wa Jembe

Mvua za kwanza zinaponyesha Lituhi, mahali ambapo mto Ruhuhu huingia katika Ziwa Nyasa, watu huenda shambani alfajiri. Katika mkoa wa Ruvuma mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba, na huisha mwezi wa Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kiangazi. Anayechelewa kulima huchelewa kupanda, na anayechelewa kupanda huvuna kidogo.

Tazama watu wawili wanaopiga matuta ya mihogo. Mmoja ni kijana mwenye misuli. Wa pili ni bibi yake. Kijana hupiga jembe kwa nguvu zake zote. Baada ya muda mfupi anahema, viganja vyake vina malengelenge, na mgongo unamwuma. Bibi hana haraka, lakini hasimami. Jua linapofika utosini, tuta la bibi ni refu kuliko la mjukuu wake. Bibi hamzidi kijana kwa nguvu. Je, anamzidi kwa nini? Fanyeni majaribio yafuatayo, kisha mtajibu.

Jaribio la 1: Njia ya ncha ya fimbo

Vifaa: fimbo iliyonyoka yenye urefu wa mita 1, kigingi, kamba, uzi mrefu, rula.

Njia:
1. Chomekeni kigingi mahali penye mchanga tambarare. Fungeni ncha moja ya fimbo kwenye kigingi kwa kamba, ili fimbo iweze kuzunguka.
2. Pimeni kutoka kwenye kigingi. Tieni alama A kwenye sentimita 30, na alama B kwenye sentimita 90.
3. Mwanafunzi mmoja azungushe fimbo polepole, robo ya duara. Wawili wengine wafuate alama A na B kwa vijiti, wakichora mistari mchangani.
4. Lazeni uzi juu ya kila mstari uliopinda. Kisha unyosheni uzi na kuupima.

Matokeo: Mstari wa A una urefu wa sentimita 47 hivi. Mstari wa B una urefu wa sentimita 141 hivi.

Maelezo: A na B zilianza pamoja na kufika pamoja, lakini B imekwenda mbali mara tatu kuliko A. Kwa hiyo kasi ya B ni mara tatu ya kasi ya A. Mikono na mpini hufanya kazi kama fimbo hii, na bega ni kama kigingi. Mikono husogea kidogo, na chuma cha jembe huenda mbali kwa muda uleule. Ukishika mpini karibu mno na chuma, umeifupisha fimbo, na kasi ya chuma hupungua.

Jaribio la 2: Jiwe na mchanga

Jazeni ndoo mchanga wenye unyevu na kuusawazisha. Angusheni jiwe kutoka kimo cha sentimita 50. Pimeni kina cha shimo. Sawazisheni mchanga tena, kisha angusheni jiwe hilohilo kutoka kimo cha mita 1. Shimo lipi ni refu zaidi?

Maelezo: Jiwe lililoinuliwa juu zaidi lina nishati zaidi. Tunapoinua jembe tunaweka akiba ya nishati. Jembe linaposhuka, uzito wake husaidiana na mikono. Bibi huliinua jembe, huliongoza, na kuuacha uzito wake ufanye kazi. Mjukuu wake hukaza mikono na kushindana na jembe lake mwenyewe. Hilo ndilo jibu la swali letu.

Namna ya kupiga jembe

*Msimamo.* Tenganisha miguu, mmoja mbele kidogo. Kunja magoti. Inama kuanzia nyonga, wala usipinde mgongo peke yake.

*Mshiko.* Mkono mmoja uwe karibu na mwisho wa mpini, mwingine mbele yake. Shika imara, lakini usikaze mno. Mikono iliyokakamaa huchoka upesi.

*Kuinua na kushusha.* Inua kwa kiasi unachoweza kukiongoza. Jembe lililoinuliwa kupita kiasi hukosa shabaha. Tazama mahali unapopiga, mbele ya vidole vya miguu yako.

*Kubandua.* Chuma kikiisha kuingia, inua mpini kidogo. Sasa jembe limekuwa wenzo, nalo hubandua bonge la udongo.

Noa jembe. Makali membamba hukusanya nguvu mahali padogo, hivyo huingia ardhini kwa urahisi.

Kanuni hizi si za wakulima tu. Mchezaji wa gofu hutenganisha miguu, hulegeza mikono, na kuzungusha fimbo ndefu. Kichwa cha fimbo huenda kwa kasi kuliko mikono yake, na mpira mdogo huruka mbali.

Hadhari

Kasi inayokata udongo huweza kukata mguu. Kabla ya kulima, tikisa jembe uone kama mpini umelegea. Mti hufyonza maji na kuvimba, ukikauka hunywea. Ndiyo maana watu hulowesha jembe usiku ili mpini ukaze. Lakini jua la mchana huukausha tena, na chuma huweza kuchomoka. Kwa hiyo ukague mpini mara kwa mara. Asisimame mtu mbele yako wala nyuma yako unapolima.

Maswali

1. Kwa nini ncha ya mpini hufanya njia ndefu kuliko mkono?
2. Mpini mrefu kupita kiasi una hasara gani? Jaribu, kisha eleza.
3. Kwa nini mpini uliokaza asubuhi huweza kulegea mchana?
4. Nenda kwa mzee anayejua kulima. Mtazame akilima, kisha andika mambo matatu anayoyafanya ambayo umejifunza katika somo hili.