Mguu Ukivunjika, Moyo Huumia Pia

Mfupa ukivunjika, mganga huufunga plasta, na baada ya miezi huungana. Lakini moyo wa mgonjwa ni nani anayeufunga?

Mfikirie Steve Zakuani, mchezaji wa mpira aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1988 na kukulia London. Alichezea Seattle Sounders katika Marekani, na mbio zake ndizo zilizompa jina na mshahara. Tarehe 22 Aprili 2011, dakika chache tu baada ya mchezo kuanza, Brian Mullan wa Colorado Rapids alimpiga mguu. Mifupa yote miwili chini ya goti ilivunjika. Alikaa zaidi ya mwaka bila kucheza. Aliporudi, Julai 2012, timu iliyokuwa mbele yake ilikuwa Colorado ileile. Mchezo ulipokwisha alimkumbatia Mullan. Mwaka 2014 majeraha yalimlazimisha kuacha mpira, akiwa na miaka 26 tu. Ndipo akatumia nguvu zake kusaidia vijana.

Huku Masisi na Walikale, msukuma chukudu, mbeba mizigo wa msituni na mkulima wa mlimani nao hula kwa miguu yao. Akilala kitandani, mtu wa namna hii hujiuliza, “Mimi ni nani sasa?” Hanena, hali, halali usiku. Humkasirikia mke wake, huona haya kuonekana na wenzake, pengine hukimbilia pombe.

Mkiwa jamaa zake, fanyeni hivi:

1. Msimwambie, “Mwanaume halii.” Mwacheni aseme huzuni yake.
2. Wenzake wa kazi na wa mchezo wamtembelee, si siku ya kwanza tu.
3. Afanye mazoezi aliyoagizwa, lakini asiukanyagie mguu kabla ya ruhusa ya mganga. Maumivu yakizidi ndani ya plasta, au vidole vikiwa baridi au kufa ganzi, mleteni hospitali upesi.
4. Mpeni kazi anayoiweza: kufundisha watoto mpira, kutengeneza vyombo, kuhesabu mazao. Msimwite kilema, mwiteni kwa jina lake.
5. Akisema ni afadhali afe, msimwache peke yake. Mwambieni muuguzi siku ileile.

Mguu ni kiungo kimoja cha mtu. Ukipoteza nguvu, baba angali baba, na rafiki angali rafiki.

Maswali
1. Ni dalili gani zinazoonyesha kwamba moyo wa mgonjwa umeumia?
2. Katika kijiji chako, ni nani aliyevunjika na ambaye hujamtembelea tena?