Datsun 240Z Inapotoa Moshi Mweusi

Mwenye Datsun 240Z inayotembea hadi leo anajua ameshika kitu cha thamani. Gari hili ndilo lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schuller, kisha likashinda tena mwaka 1973 likiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Yaliyobaki sasa yamepita miaka 50, na malalamiko ya wenyewe yanafanana: gari linakula mafuta, moshi unatoka mweusi, petroli inanuka hadi ndani, na kwenye silensa injini inatetemeka kama mtu mwenye homa.

Dalili hizo zinaonyesha kwamba petroli inayoingia ni nyingi kuliko hewa. Injini huchoma vizuri inapopata kiasi cha gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Mafundi wengi wakiona moshi hukimbilia nati ya kupimia petroli iliyo chini ya kabureta. Nawasihi msianzie hapo. Nati hiyo haikujizungusha yenyewe. Kama gari lilikuwa zima mwaka jana na leo linafuka, basi kuna kitu kimeziba, kimekwama au kimelika. Ukibana petroli bila kujua chanzo, siku chanzo hicho kitakapoondoka injini itabaki na njaa, na njaa hiyo ndiyo inayounguza valvu.

Kwanza hakikisha moshi ni mweusi kweli. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huenda ni maji yanayoingia kwenye silinda. Hayo ni matatizo mengine kabisa.

Kisha fungua plagi. Injini hii ina silinda 6 na kabureta 2: ya mbele hulisha silinda ya 1 hadi ya 3, ya nyuma hulisha ya 4 hadi ya 6. Endesha kilomita kadhaa, zima, acha ipoe, halafu toa plagi zote na uzipange juu ya kitambaa kwa namba zake. Plagi nzuri ina rangi ya chai ya maziwa. Ya petroli nyingi ina masizi makavu yanayobaki kidoleni ukiigusa.

Niliwahi kusimama na rafiki yangu mbele ya gari lake, plagi 6 zimelala kwenye kanga kuukuu. Tatu za mbele zilikuwa nyeusi tii, tatu za nyuma safi. Hatukuhitaji mtaalamu atuambie kabureta ipi ina shida. Rafiki yangu aliurudisha mkono wa choki ulio karibu na gia, nami nikapapasa chini ya kabureta ya mbele. Jeti, yaani kitundu kinachopitisha petroli, ilikuwa bado imeshuka. Nikaisukuma juu kwa kidole gumba, ikaingia kwa shida, kama droo iliyovimba kwa mvua.

Hapo ndipo ningependa kila mwenye gari hili aangalie kabla ya kutoa hata senti. Choki ya kabureta hizi haizibi hewa. Kazi yake ni kuivuta jeti chini ili petroli zaidi ipite kando ya sindano. Uchafu, waya mkavu, au kijibomba cha petroli kilichokakamaa kwa uzee vinaweza kuizuia isirudi, na hapo unaendesha siku nzima choki ikiwa imevutwa bila wewe kujua.

Jeti ikirudi vizuri, tazama boya lililo ndani ya kibakuli cha petroli. Likitoboka huzama, na valvu yake ikilika haifungi, kwa hiyo petroli hupanda kupita kiasi na hata kudondoka nje. Litoe, litikise sikioni. Ukisikia petroli ndani, badilisha. Sindano na jeti nazo hulika kwa kusuguana, na tundu likishakuwa la yai hakuna nati itakayolisaidia.

Plagi zote 6 zikiwa nyeusi, tafuta kitu ambacho kabureta zote mbili zinategemea. Chujio la hewa huziba kwa vumbi letu. Cheche dhaifu nayo huacha petroli bila kuungua, basi kagua platini na koili. Na uliza gari lilirekebishwa wapi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na kabureta haijui hilo. Gari lililopimwa vizuri Mombasa likipanda huko litakuwa na petroli ya ziada, bila kitu chochote kuharibika.

Wakati wote huo, vuta kijiti cha oili na ukinuse. Kikinuka petroli, usiwashe tena mpaka ubadilishe oili, maana petroli huifanya nyepesi na beringi huumia. Wala usiiwashe injini ya namna hii ndani ya gereji iliyofungwa. Inatoa hewa ya monoksidi ya kaboni kwa wingi. Haina harufu, na inaua.

Sasa nati inaruhusiwa. Mahali pa kuanzia ni mizunguko 2 na nusu kushuka kutoka juu kabisa, kwa kabureta zote mbili. Injini ikiwa ya moto kwenye silensa, sukuma kipini kidogo cha ubavuni mwa kabureta ili pistoni yake inyanyuke kama milimita 1. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli bado nyingi: pandisha jeti kidogo. Injini ikitaka kuzima, umebana mno. Ukipanda kidogo kisha ukarudi, umefika. Endesha, halafu toa plagi tena uzitazame.