HALALI NA TWAYYIB: SUMU INAYOBAKI KWENYE MBOGA



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wanafunzi wapendwa pamoja na wazazi wetu, somo letu la mwaka huu linahusu kitu kilichopo katika kila jiko hapa Kiwalani, nacho ni mboga.

Tukitaja chakula cha halali, wengi wetu fikra zinakwenda kwenye nyama: nani amechinja na amechinja vipi. Mchicha hauchinjwi, kwa hiyo tunaona hauna swali. Lakini katika Suratul-Baqarah, aya ya 168, amri ya kula imekuja na sifa mbili pamoja, kwamba chakula kiwe halali na kiwe twayyib, yaani kizuri, safi, kisichodhuru. Mboga kwa asili yake ni halali. Sisi tutaiangalia sifa ya pili, na tutaona kwamba mara nyingi inapatikana au inapotea katika zile siku chache baina ya kupuliza na kuvuna.

1. Tunaiita dawa, lakini ni sumu

Wakulima husema "nimepiga dawa". Jina la kitaalamu ni viuatilifu, maana vinaua visumbufu vya mimea: wadudu, ukungu na magugu. Vina faida, kwani bila hivyo mkulima wa nyanya anaweza kupoteza shamba zima kwa ugonjwa wa ukungu. Hata hivyo, kinachomuua mdudu kinaweza kumdhuru mwanadamu pia. Kundi moja la viuadudu hushambulia mishipa ya fahamu. Mtu aliyedhurika hutoka jasho na mate mengi, hutapika, mboni za macho husinyaa, na hali ikizidi hushindwa kupumua. Mtoto yuko katika hatari zaidi, kwa sababu mwili wake ni mdogo na kiasi kilekile cha sumu kinamzidi nguvu.

Anayedhurika kwanza ni mkulima mwenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania, zaidi ya nusu ya walioulizwa walisema wamewahi kujisikia vibaya baada ya kupuliza. Na utafiti mwingine wa hapa nchini, uliochapishwa mwaka 2020, ulipima sampuli zaidi ya 600 za matunda na mboga. Karibu nusu zilikutwa na mabaki ya viuatilifu, na nyingi kati ya hizo zilizidi kiwango kinachoruhusiwa.

Kiwango hicho hakipangwi kwa kukisia. Tangu mwaka 1963 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, FAO na WHO, yana tume ya pamoja iitwayo Codex Alimentarius, inayopanga viwango vya chakula, vikiwemo viwango vya juu vya mabaki katika kila zao. Hapa kwetu, tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Usajili wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, yenye makao yake Arusha.

2. Siku za kungoja

Kila kiuatilifu kilichosajiliwa kina lebo, na ndani yake kuna idadi ya siku ambazo mkulima anatakiwa kungoja baada ya kupuliza ndipo avune. Yaweza kuwa siku 3, 7, 14 au zaidi, kulingana na kiuatilifu na zao. Katika siku hizo jua, mvua, na kukua kwa mmea wenyewe huipunguza sumu mpaka ifike chini ya kiwango.

Ugumu ni huu. Mchicha huvunwa kiasi cha wiki tatu au nne tangu kupandwa. Mwenye bustani akitumia kiuatilifu cha siku 14, nusu ya maisha ya mchicha huo ni kungoja. Nyanya nazo huchumwa kila baada ya siku chache, kwa wiki kadhaa. Mkulima anayepuliza kila wiki na kuchuma kila siku ya nne, hapati kabisa siku saba kamili. Hapo ndipo shida ya fedha inapokutana na amana, na wengi huvuna kabla ya wakati.

Zipo njia za kutoka. Achume kwanza ndipo apulize. Achague kiuatilifu chenye siku chache za kungoja. Apulize pale tu anapoona wadudu, asipulize kwa mazoea. Baadhi ya wadudu wanaweza kuzuiwa kwa maji ya majani au mbegu za mwarobaini. Na asinunue kamwe sumu iliyopimwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, kwani pasipo lebo hajui kipimo wala siku.

3. Fiqhi inasemaje?

Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipouliza, muuzaji akajibu kuwa ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Mwanafunzi, zingatia jambo hili. Mvua haikuwa kosa la yule muuzaji, naye hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuficha. Vivyo hivyo kupuliza kwenyewe si kosa. Kosa ni kuleta gengeni mboga ambayo siku zake hazijatimia, ikiwa imelala fungu moja na nyingine, kijani na ya kupendeza, na mnunuzi hana njia ya kujua. Unyevu wa nafaka uliguswa kwa vidole, lakini mabaki haya hayaonekani, hayana harufu, na hupimwa maabara tu. Kasoro inapokuwa ya siri zaidi, amana ya muuzaji inakuwa nzito zaidi.

Suala: Je, muuzaji akisema wazi kuwa mboga imepulizwa jana, inafaa kuiuza?
Jibu: Kusema ukweli kunamtoa katika kughushi, lakini hakumtoi katika kudhuru. Iko kanuni ya fiqhi inayokataza kudhuru na kudhuriana, na kulinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria. Mboga hiyo na ingoje shambani.

Suala: Mnunuzi si ana haki ya kurudisha bidhaa yenye kasoro?
Jibu: Anayo, na wanazuoni wameieleza katika milango ya biashara. Lakini mchicha wa jana umeshaliwa. Haki ya kurudisha haimsaidii mtu ambaye kasoro imo tumboni mwake. Kwa hiyo jambo hili linategemea uchamungu wa mtu wa kwanza katika safari ya mboga.

4. Kila mmoja na amana yake

Nyanya zinazofika Dar es Salaam kutoka Ilula, Iringa, na kabeji kutoka Lushoto, hupita kwa mkulima, dalali, mwenye gari, muuzaji wa jumla wa Ilala au Buguruni, kisha mama wa genge. Mboga za majani nyingi hutoka karibu zaidi, katika bustani za mabondeni humu jijini.

Mkulima atunze siku. Dalali asimharakishe mkulima kuvuna kwa sababu gari limeshafika. Mwenye genge aulize, "Hizi zimepulizwa lini?" Swali hilo likiulizwa kila asubuhi, mkulima atajua kuna wanaojali. Wanunuzi wa nje huuliza: mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharage mabichi na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya viuatilifu, na wakulima wakalazimika kujirekebisha. Tumbo la mtoto wa Kiwalani halina thamani ndogo kuliko la mtoto wa Ulaya. Nasi tuulize, na tukiwa na shaka tuwaone bwana shamba na bwana afya wa kata.

5. Jikoni na nyumbani

Wazazi wetu, msiache mboga kwa hofu. WHO inashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Fanyeni haya:

(a) Osheni mboga kabla ya kukata, kwa maji safi yanayotiririka, huku mkisugua kwa mkono. Msitumie sabuni, kwani nayo huweza kubaki kwenye mboga.
(b) Kabeji, toeni majani ya nje. Karoti na matango, menyeni.
(c) Nyanya zenye vumbi jeupe la dawa zioshwe vizuri zaidi, hata kama ni za kupika.

Kuosha huondoa sehemu ya kilicho juu ya ganda. Viko viuatilifu vinavyoingia ndani ya mmea, na hivyo havitoki kwa maji. Maji ya bomba hayawezi kufanya kazi ya siku saba za shambani.

Jambo la mwisho ni vyombo. Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walifariki baada ya kula chakula cha shule. Uchunguzi ulikuta kiuadudu katika mafuta ya kupikia, yaliyokuwa yamewekwa katika chombo kilichotumika kwa sumu hiyo. Wanafunzi, mkiokota chupa au galoni la dawa ya shambani, msilitumie kwa maji, mafuta wala kuchezea. Mwambieni mkubwa.

Hitimisho

Subira tunayojifunza darasani haiishii kwenye swala na funga. Mkulima anayengoja siku zake zitimie, huku ada za watoto zinamsubiri na dalali anampigia simu, yuko katika subira, na riziki yake ni twayyib kwake na kwa wanaokula. Tumuombe Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwao. Aamin.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti ya halali na twayyib kwa mfano wa mboga.
2. Yule muuzaji wa nafaka alilaumiwa kwa lipi?
3. Kwa nini kuosha peke yake hakutoshi?
4. Muulize muuza mboga wa mtaani kwenu mboga zake zinatoka wapi, kisha uwaeleze wenzako darasani.

Wabillahi tawfiq.