Kabla Hujanunua Simu, Piga Hesabu ya Mwezi

Kwa mtu aliyeko Ghuba, simu siyo pambo. Ndiyo benki yake, ndiyo kabati la nyaraka zake, na ndiyo anayowaonea watoto sura. Kwa hiyo hatutakwambia ununue ya bei ya chini kuliko zote halafu basi, wala hatutakwambia ununue ile ambayo kila mtu kambini anayo. Sisi watu wa hesabu tunaanza na swali jingine: hiyo simu itakugharimu kiasi gani kwa mwezi, na kwa miezi mingapi?

Tuchukue mfano wa dada anayefanya kazi za ndani Muscat kwa mshahara wa riali 90. Dukani anaonyeshwa simu mbili. Ya kwanza ni Android mpya ya riali 60, ya pili ni iPhone ya riali 320. Tuseme ile ya kwanza itadumu miaka 3: gawanya 60 kwa miezi 36, unapata kama riali 1 na baisa 670 kwa mwezi. Ya pili tuipe heshima yake, idumu miaka 5: gawanya 320 kwa miezi 60, unapata riali 5 na baisa 330. Tumeipendelea kabisa, na bado inagharimu mara tatu na zaidi. Tena ile 320 ni mshahara wa miezi mitatu na nusu, zaidi ya dola 830, pesa ambayo ingekuwa imeshafika nyumbani.

Muuzaji atasema, "Chukua kwa awamu, riali 15 tu kwa mwezi." Zidisha mwenyewe kabla hujatia saini. Riali 15 kwa miezi 24 ni riali 360, yaani umelipa 40 zaidi kwa simu ile ile. Na hapo kuna jambo zito kuliko hizo 40: mkataba wako wa kazi umebakiza miezi mingapi? Kama imebaki 9 na awamu ni 24, umechukua deni linalopita muda wako wa kukaa nchini. Deni la simu lisilolipwa linaweza kukuletea usumbufu siku ya kuondoka. Awamu zikizidi miezi ya mkataba wa kazi, acha.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe. Kitu cha kwanza kukiangalia siyo kamera, ni laini. Unahitaji laini mbili, ya huku na ya nyumbani, maana ya nyumbani ndiyo inayopokea namba za siri za benki na ndiyo yenye M-Pesa yako. Hapa watu wengi wanaumia bila kujua. iPhone 17 zinazouzwa Omani, Emirati, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain hazina tundu la kadi ya laini, zinatumia eSIM peke yake. Za Marekani ziko hivyo tangu iPhone 14 ya mwaka 2022. Ukifika nayo kijijini na kadi yako mkononi, hakuna pa kuichomeka. Kwa hiyo uliza kwanza mtandao wako wa nyumbani kama unatoa eSIM na kama ni lazima ufike dukani kwao. Kwenye Android nako kuna simu ambazo tundu la laini ya pili ndilo hilo hilo la kadi ya kumbukumbu, ukiweka moja umenyima nyingine. Mwambie muuzaji atoe kile kisahani ukione kwa macho yako.

Kitu cha pili ni miaka ya masasisho. Simu ikiacha kupata masasisho ya usalama, programu za benki huanza kuikataa, na hata WhatsApp huacha simu za zamani. Tangu Mei 2025 haifanyi kazi kwenye iPhone 5s, 6 na 6 Plus, na ndiyo maana ukiona iPhone 6 inauzwa "bei ya kutupa" ujue kwa nini inatupwa. Siyo lazima utoe pesa nyingi kupata miaka. Samsung Galaxy A16, ambayo ni simu ya bei ya kati kwenda chini, iliahidiwa miaka 6 ya masasisho ya usalama tangu ilipotoka mwaka 2024. Hesabu miaka kuanzia aina hiyo ya simu ilipoingia sokoni mara ya kwanza, siyo siku uliyoinunua wewe.

Hifadhi isipungue GB 128. Ya 64 itajaa, maana mfumo wenyewe unakula sehemu yake, halafu zinakuja video za harusi kutoka kila kundi la ukoo.

Kaka zetu wa saiti, nyie angalieni vumbi na joto kabla ya urembo. IP54 maana yake inavumilia vumbi kiasi na marashorasho ya maji. IP67 inazuia vumbi kabisa na inahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Joto ni adui mwingine: Apple wenyewe wanasema iPhone itumike pasipozidi nyuzi 35, na kiangazi cha huku mnakijua. Usiiache juani, wala kwenye gari lililofungwa.

Kuhusu kupiga simu nyumbani, Emirati wanazuia simu za sauti na video za WhatsApp, na FaceTime haipatikani kwenye iPhone zilizonunuliwa huko. Basi kulipa zaidi eti kwa ajili ya FaceTime ukiwa Dubai ni kununua kitu ambacho hukupewa.

Bibi mwenye nyumba akikupa simu yake ya zamani, pokea na umshukuru, ila mwombe aondoe akaunti yake mbele yako, iCloud au Google. Akaunti yake ikibaki, picha zako na mahali ulipo vinaweza kuonekana kwake. Na ukiifuta bila yeye kuitoa, itawaka ikidai nywila yake, nayo haitafunguka. Sheria ni hiyo hiyo kwa simu ya mkononi unayouziwa na mtu. Akaunti mpya fungua mwenyewe, usimwachie fundi wa dukani akuwekee barua pepe yake.

Mwisho, kabla hujatoa pesa bonyeza *#06#. Namba ya IMEI itakayotokea lazima ifanane na ya kwenye boksi. Tanzania ilizima simu bandia tarehe 16 Juni 2016, na mpaka leo aliyeko kule anaweza kutuma IMEI kwa ujumbe kwenda 15090 akajua ni simu gani hasa. Mtumie ndugu yako akuangalilie ukiwa bado dukani, halafu abaki nayo. Simu ikipotea, wa kwanza kupigiwa awe ni mtandao wako wa nyumbani ili wafunge laini, kwa sababu pesa iko kwenye laini.