Gobore la marehemu babu

SWALI: Babu amefariki huku Lupa Tingatinga, kaacha gobore alilokuwa analimiliki kwa leseni. Mimi ndiye mjukuu mkubwa. Je, ni langu?
Msomaji, Chunya

JIBU: Pole kwa msiba. Bado si lako. Shamba hurithiwa, lakini leseni ya silaha ni ya mtu na huisha naye. Msimamizi wa mirathi alipeleke kituo cha polisi pamoja na leseni ya marehemu na cheti cha kifo, halafu wewe uombe upya kwa jina lako, ukianzia serikali ya kijiji.

Usidanganyike kwamba gobore ni chuma kikuukuu tu. Watawala wameliogopa tangu zamani: Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa bunduki Afrika, na baada ya Maji Maji Wajerumani walinyang'anya walizozikuta. Sheria ya sasa, ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ilifuta ile ya 1991, na gobore nalo limo. Mwaka 2022 serikali ilitangaza msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, Septemba na Oktoba. Binafsi nisingesubiri mwingine.

Na hata ukipewa leseni, hujapewa ruhusa ya kuwinda. Kibali cha uwindaji ni kingine, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Ukikutwa na gobore begani ndani ya pori la akiba, kusema unafukuza nyani shambani hakutakusaidia.